Umeambiwa binti atolewe tezi za ndani zisije zikawa kansa? Soma hii kabla hujasaini fomu

Naandika kwa mzazi au mlezi ambaye ametoka chumba cha daktari na kichwa kinazunguka, kaambiwa binti yake ana kokwa (korodani) tumboni au tezi za uzazi ambazo hazikukaa sawa tangu mimba, na inabidi zitolewe mapema zisije zikageuka kansa. Mimi ni shangazi mtu, nakaa Ngamiani hapa Tanga, binti wa kaka yangu ndo aliyetupitisha njia hii, kwaiyo haya nimeyabeba kwenye bahasha ya kaki mapajani kutoka stendi ya Kange mpaka Dar na kurudi, zaidi ya mara moja. Sio daktari mimi. Ila kuna kitu kimoja nataka ukishike hata ukisahau mengine yote: jina la hali aliyonayo mtoto ndo linaloamua kama mnakimbia, mnasubiri, au hamtoi kitu kabisa. Kama hujapewa jina, usisaini.

Binti yetu alifika miaka 16 hajavunja ungo. Maziwa yapo, mrefu, ngozi nyororo hata chunusi hana, ukimuona njiani huwezi kuwaza lolote. Somo wake alikua ameshaona kwamba nywele za kwapani na za siri hazijaota ila akanyamaza, akaona aibu kumwambia wifi. Bibi akasema mtoto kafungwa. Tukazunguka, tumekunywa makombe, tumepelekwa mpaka Pangani kwa mzee mmoja, mwaka mzima umekatika pale. Alafu siku tunafika hospitali tunaulizwa swali moja tu, "alishawahi kufanyiwa operesheni yoyote?" wifi akasema ndio, ngiri, alikua na miaka 5, pande zote mbili. Daktari akatulia akaandika.

Hapo ndo nataka uanzie na wewe. Mtoto wa kike akiwa na uvimbe wa ngiri kwenye kinena, hasa pande zote mbili, muulize aliyempasua ndani alikuta nini. Mara nyingi ni utumbo au kifuko cha mayai na hakuna tatizo, lakini inakadiriwa msichana 1 au 2 katika 100 wenye ngiri ya namna hiyo wanakua na korodani mle ndani. Kwetu sisi aliyepasua aliona, akarudisha ndani akashona, akaandika mstari mmoja kwenye faili kwa Kizungu na wifi hakuambiwa neno. Hospitali yenyewe sitaitaja. Miaka 11 tumeishi hatujui, na mstari uko kwenye faili.

Anza na jina, sio kisu

Kwa aliyeko Tanga mlango wa kuingilia ni Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, na unataka vitu viwili pale: ultrasaundi ya tumbo la chini na barua ya rufaa. Barua usiidharau, bila barua unafika juu unahesabiwa mgonjwa aliyejileta mwenyewe na bima inaweza kukukatalia. Waliopo Lushoto na Korogwe wengi wanaelekea KCMC Moshi, sisi wa pwani tunaenda Muhimbili, na ndugu zangu wa Bagamoyo nyie mna bahati Dar iko puani kwenu, asubuhi mnaenda jioni mmelala kwenu.

Ultrasaundi inatafuta swali moja kubwa: kizazi kipo au hakipo? Muombe anayepima aandike wazi, sio aandike "kawaida" alafu basi. Baada ya hapo kuna damu ya homoni, yani testosteroni, FSH na LH, na kuna kipimo cha kromozomu, kile kinachosema XX (kwa kawaida ni ya wanawake) au XY (kwa kawaida ni ya wanaume) au mchanganyiko. Hiki cha kromozomu uliza mapema sampuli inapelekwa wapi, bei gani, majibu yanarudi baada ya wiki ngapi, na anayefuatilia ni nani, wewe au wao. Sisi tulikaa tunasubiri kupigiwa simu, simu yenyewe haikupigwa, mpaka nilipoenda mwenyewe dirishani. Kuna pia damu ya kutafuta dalili za uvimbe, AFP na beta-hCG na LDH. Sasa sikiliza, hizi zikiwa safi usishangilie sana, zinaweza kuwa safi na seli mbaya za mwanzo zikawa tayari zipo mle ndani. Anayeziona hizo ni mtaalamu wa patholojia akiwa na kinyama chenyewe chini ya darubini.

Kwenye faili utaona herufi DSD. Hilo ni jina la kapu tu, maana yake maumbile ya jinsia yalikwenda njia tofauti mtoto akiwa tumboni. Watu wa pwani tangu zamani tunasema huntha, kwenye redio wanasema jinsia tata. Kapu hilo lina hali nyingi na hatari ya kansa haifanani hata kidogo, kwaiyo daktari akikwambia "ana DSD, tutoe", mjibu kwa heshima tu, "daktari, ni DSD ipi?"

Majina yenyewe na nini ufanye

Mwaka 2005 madaktari wa nchi mbalimbali walikutana Chicago na mwaka 2006 wakachapisha makubaliano yao, na mle kuna makadirio ya hatari kwa kila hali. Tarakimu zile zimetoka kwa wagonjwa wachache, zinaendelea kurekebishwa, usizichukue kama msahafu. Lakini zinakuonyesha nani yuko kwenye moto na nani hayupo.

Nianze na ile ya kukimbia. Inaitwa Swyer. Binti ana XY, lakini zile tezi zilishindwa kukua tangu mwanzo, sio korodani sio vifuko vya mayai, ni vipande vya nyama kama kamba. Kizazi anacho. Balehe haiji kabisa, maziwa hayaoti, hedhi hakuna. Tezi za namna hii zikiwa tumboni na mwili una kromozomu Y, makadirio ya 2006 yanasema asilimia 15 mpaka 35 zinaota uvimbe, na uvimbe unaweza kuanza utotoni kabisa, haungoji mtu mzima. Hapa jibu la madaktari karibu wote ni moja, zitolewe mara jina likishajulikana, pande zote mbili, maana zile tezi hazitoi homoni wala mayai, hakuna unachopoteza kwa kuzitoa. Wodini nilikutana na mama kutoka Korogwe, binti yake miaka 17, walidhani tumbo limejaa minyoo, kumbe ni uvimbe wa kansa unaitwa disjeminoma ukubwa wa embe dodo. Alitolewa akapelekwa kwenye dripu za kansa. Uvimbe ule unasikia dawa vizuri sana, na yule binti nilimuona baadae amenenepa, lakini zile dripu zilimtesa na angeweza asizione kabisa. Alafu, na hili mama yake alikua halijui mpaka anaambiwa pale pale, mtu wa Swyer kwa kuwa kizazi anacho anaweza kubeba mimba kwa yai la mwanamke mwingine. Kwaiyo anayetoa tezi asiguse kizazi! Liandikwe kwenye fomu.

Karibu na hiyo kuna Turner yenye vipande vya Y, makadirio kama asilimia 12, nayo wengi wanashauriwa kutoa. Kuna Frasier, hii mtoto anaanza na figo, protini kwenye mkojo, mwili kuvimba, makadirio yake ni 60, hapo hakuna kusubiri.

Sasa ile ya binti yetu. CAIS. Mtoto ana XY na korodani nzima kabisa zinazofanya kazi, ila mwili mzima hausikii homoni ya kiume, kufuli halipokei ufunguo. Kwaiyo anazaliwa msichana, anakua msichana, na ile testosteroni inageuzwa mwilini kuwa estrojeni ndo maana maziwa yanaota bila dawa. Kizazi hakuna. Hatari ya kansa kabla ya balehe ni ndogo, makadirio ya 2006 yaliweka asilimia 2, kwa mtu mzima inapanda na hakuna aliye na tarakimu moja ya uhakika. Ndo maana siku hizi madaktari wengi wanashauri kusubiri mpaka balehe ipite, kwa faida mbili, mwili unabalehe wenyewe kwa homoni zake, na mtoto anafika umri wa kusema mwenyewe anataka nini. Sisi tulipofika tu, daktari wa kwanza alisema wiki ijayo tunatoa. Wiki ijayo! Wifi alikua ameshashika kalamu. Nikamuuliza, "daktari shikamoo, naomba nikuulize, tukikaa mwaka mmoja tunapoteza nini?" Akafikiri, akasema kwa hali hii hampotezi kitu kikubwa. Basi tukakaa. Hilo swali libebe na wewe, linafanya kazi kwa hali yoyote, maana wa Swyer atajibiwa tofauti na hapo utajua.

Kuna ndugu yake CAIS anaitwa PAIS, hapa mwili unasikia homoni ya kiume nusu nusu. Hii ni nyingine kabisa usiichanganye. Korodani zikiwa bado tumboni au kwenye kinena makadirio yalikua asilimia 50, kwaiyo ama zinatolewa mapema ama zinashushwa chini pale zinapoweza kupapaswa na kupimwa, inategemea mtoto analelewa kama nani na mwili wake unaelekea wapi. Mjadala wake ni mrefu, usiufanye na daktari mmoja peke yake.

Na kuna ambao hawatakiwi kutolewa chochote, nasema kwa sauti kwa sababu nimeona wazazi wanaogopeshwa bure. Wenye CAH. Hawa ninaowasema ni XX, wana kizazi, wana vifuko vya mayai vizima na wanaweza kuzaa, shida iko kwenye tezi zilizo juu ya figo zinazotoa homoni za kiume nyingi. Kansa ya tezi za uzazi sio hadithi yao. Hadithi yao ni chumvi: mtoto mchanga wa wiki moja au mbili anatapika, ananyong'onyea, anakauka, anaweza kufa kabla hujafika hospitali, na dawa yake ni haidrokotisoni na fludrokotisoni kila siku ya maisha yake. Ukizaa mtoto sehemu za siri hazieleweki na kokwa hazipapasiki, hiyo ndo dharura, sio kansa, kimbia siku hiyo hiyo. Mwenye tezi za mchanganyiko, nusu ya mayai nusu ya korodani, makadirio ni asilimia 3 tu, na mara nyingi ile sehemu nzuri inaweza kubakishwa.

Usikubali operesheni mbili ziitwe moja

Hii inaniuma kuliko yote. Fomu moja unaletewa, mle imeandikwa kutoa tezi "na kurekebisha", na mzazi anasaini yote kwa sababu ya neno kansa. Kupunguza kinembe au kushona au kupanua njia ya uke hakupunguzi kansa hata chembe, ni mambo ya muonekano na yanaweza kumuondolea mtoto hisia zake maisha yote, na ukishakata hurudishi. Kitu pekee chenye haraka ya kweli ukiacha uvimbe ni mkojo ambao haupiti. Mengine yote yanaweza kumsubiri mwenye mwili akue. Kama kuna shangazi au mama mkwe anasukuma "mrekebisheni kabla watu hawajajua", muweke pembeni umwambie mapema, maana siku ya operesheni hamtakua na nguvu ya kubishana naye.

Na kwa binti mkubwa uliza kuhusu njia fupi ya uke. Wengi wenye CAIS wanafanikiwa na vifaa vya kutanua taratibu nyumbani, bila kisu, pale tu yeye mwenyewe atakapotaka. Sio wewe utake, sio mchumba atake.

Mkiamua kusubiri

Kusubiri sio kukaa kimya. Ni ahadi ya kwenda kupimwa kila mwaka, ultrasaundi au MRI kama inapatikana, na mkubali mapema kwamba hakuna picha inayoona seli zilizoanza kubadilika, picha inaona uvimbe ukishakua. Mtu akitaka kubaki na tezi zake ukubwani ni haki yake, kuna wanaobaki nazo na wanafuatiliwa, ila awe anajua hilo. Maumivu ya kinena yasiyoisha, tumbo kujaa ghafla, uvimbe unaopapasika, hapo hamsubiri tarehe ya kliniki.

Mkiamua kutoa

Uliza kama wanatoa kwa matundu madogo, laparaskopi, au kwa kupasua. Kwa matundu wengi wanatoka siku moja au mbili, kwa kupasua mtakaa zaidi. Damu wawepo ndugu wa kuchangia kabla. Usiku wa kuamkia siku ile hali chakula angalau masaa 6 kabla ya nusu kaputi, na maji meupe wanamwambia wenyewe mwisho saa ngapi. Madawa mengine hayapo wodini, mtaandikiwa, kwaiyo fedha kidogo iwe mkononi sio kwenye simu yenye mtandao wa kubahatisha.

Bima zungumza nao kabla ya tarehe. Kama hamna bima na hali ni ngumu, hospitali kubwa za serikali huwa zina ofisi ya ustawi wa jamii, nenda na barua ya serikali ya mtaa kabla hamjalazwa, ukienda siku ya kutoka na bili mkononi unaonekana unakwepa.

Una haki ya kusema hapana kwa kundi la wanafunzi. Binti yetu alifunuliwa mbele ya watu 9, nimewahesabu, hakuna aliyemuomba ruhusa. Safari iliyofuata nilisema mlangoni, "anaingia daktari na nesi, wengine naomba msubiri," na dunia haikuanguka. Picha za simu pia hapana.

Alafu kile kinyama. Jamani kinyama! Watu wanatoka theatre wamefurahi mtoto kaamka salama, kinyama kimebaki kwenye ndoo. Sababu nzima ya operesheni ni kujua mle ndani kulikua na nini, kwaiyo lazima kiende patholojia. Kama ni wewe unakabidhiwa kichupa upeleke maabara, hakikisha viko viwili, kulia na kushoto, kila kimoja kimeandikwa jina na upande, kinyama kimezama kwenye fomalini ya asilimia 10, na fomu ya ombi iko na jina la hali aliyonayo, sio "uvimbe" tu, maana mpimaji akijua ni DSD yenye Y anajua atafute nini, kuna rangi maalum ya kupaka kinyama inaitwa OCT3/4 inayosaidia kuzionyesha seli zinazoelekea ubaya. Usikiweke kwenye friza, usikipitishe nyumbani kikalale. Majibu yakitoka chukua nakala ya karatasi, piga na picha. Kama imeandikwa safi, mshukuru Mungu mfunge ukurasa wa kansa. Kama imeandikwa gonadoblastoma, yani uvimbe wa mwanzo ambao haujavuka tezi, au seli za mwanzo zilizobaki ndani ya tezi, usizimie, mara nyingi kutoa ndo kunakua ndo tiba yenyewe, ila daktari wa kansa aione karatasi. Kama ni uvimbe uliovuka hapo mtaelekezwa Ocean Road, hospitali ya kansa Dar, au kitengo cha kansa cha watoto, nendeni haraka.

Homoni, hapa ndo wengi wanaachwa

Ukitoa tezi zinazofanya kazi umezima kiwanda. Mwili unaingia ukomo wa hedhi siku ile ile hata kama mtu ana miaka 18. Joto la ghafla, jasho usiku, usingizi hakuna, hasira, kuchoka, ukavu, na kimyakimya mifupa inaanza kupungua. Annet Negesa, mkimbiaji wa mita 800 wa Uganda, alijitokeza hadharani mwaka 2019 akaeleza jinsi alivyofanyiwa operesheni ya namna hii 2012 na baada ya hapo mwili ukamgeuka, maumivu, nguvu zimeisha, homoni za kufidia hakupewa. Yule alikua mwanariadha wa taifa. Wa kwetu wa Makorora nani atamkumbuka kama shangazi yake hajauliza?

Kwaiyo kabla ya kusaini, karatasi ya dawa za homoni iwe imeshaandikwa. Dawa gani, kiasi gani, zinapatikana duka gani Tanga, bei kwa mwezi. Asiye na kizazi, kama wa CAIS, kwa kawaida anahitaji estrojeni peke yake. Mwenye kizazi, kama wa Swyer, akishakua lazima aongezewe na projesteroni, la sivyo ngozi ya ndani ya kizazi inajaa na hiyo nayo inaleta kansa yake. Aliyetolewa kabla ya balehe anaanzishwa kidogo kidogo kama miaka 11 au 12 na kiasi kinapandishwa taratibu kwa miaka 2 au 3, sio kumjaza yote siku moja. Na wote wanaendelea mpaka umri ambao wanawake wengine wanakoma, kama miaka 50. Ndio, ni miaka mingi, ndo maana nasema bei ya mwezi iwemo kwenye hesabu za uamuzi wenyewe. Vidonge vya majira vya duka la dawa usimnunulie kwa kuotea, kuna daktari anaweza kuviandika kama hakuna kingine, lakini aandike yeye.

Ramadhani ikifika kidonge cha mara moja kwa siku kinahamia futari au daku, asiache mwezi mzima. Dagaa, maziwa, jua la asubuhi, na kutembea, hivyo tunavyo bure au karibu na bure. Na kama kuna mahali wanapima uzito wa mifupa apimwe baada ya miaka michache.

Kumwambia mwenyewe

Mwambieni. Mtoto mdogo anaambiwa kidogo, "ulizaliwa na tezi ambazo daktari anaziangalia", na kila mwaka unaongeza. Wa miaka 16 anaambiwa yote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake kwenye mambo yanayomhusu, hata kama sahihi ni ya mzazi. Wifi alitaka tumwambie ni kivimbe tu, tumtoe, yaishe. Nikamwambia wifi, huyu ana simu, herufi zote ziko kwenye faili, atazisoma peke yake usiku, unataka awe peke yake? Tukamweleza tukiwa watatu, Raskazone, tumekaa tunaangalia bahari, nilimwambia una kromozomu XY na wewe ni binti wetu vile vile ulivyokua jana. Alilia, alafu akauliza maswali ambayo hata daktari hakuyauliza. Miaka mitatu baadae, ana 19, akaamua mwenyewe zitolewe. Sababu yake ilikua rahisi, hataki kila mwaka kwenda kupimwa anatetemeka. Majibu yakatoka safi.

Wazee wakileta dini, nendeni kwa sheikh mwenye elimu, huntha ametajwa kwenye vitabu vya fiqhi karne na karne, kwenye mirathi na kwenye sala, sio jambo jipya wala laana. Na ng'ambo ya Horohoro tu hapo, Kenya, sensa ya 2019 iliwahesabu kwa jina lao, watu 1,524. Binti yetu nilipomtajia tarakimu hiyo alikaa kimya alafu akasema, "kumbe shangazi tuko wengi."

Usisahau ndugu zake

CAIS inapita kwenye kromozomu X, kwa mama, ila kama theluthi moja ya wanaozaliwa nayo ni mabadiliko mapya ambayo mama hana. Tafadhali hili lisiwe fimbo ya kumpigia mke. Kwetu maneno yalianza, upande wa kaka yangu, upande wangu mimi, "wifi katuletea", nikayakata siku hiyo hiyo kwenye kikao cha familia, maana hakuna aliyechagua na hakuna aliyejua. Unachotakiwa kufanya ni kuuliza: upande wa mama kuna mama mdogo au mama mkubwa ambaye hakuona siku zake, hakuzaa, aliwahi kupasuliwa ngiri? Wifi akamkumbuka mama mkubwa wake mmoja Muheza, marehemu, aliyeachwa na waume wawili kwa ugumba. Na ndugu wa kike wa mtoto wapimwe.

Wetu ana mdogo wake wa miaka 7. Tulimpeleka Bombo mwezi ule ule, akapanda kitandani anacheka ile jeli ya baridi, na yule anayepima akatuonyesha kwenye skrini kizazi kidogo kama punje ya korosho. Kipo. Anaweza kuwa amebeba ile hali bila kuugua, akikaribia kuolewa itabidi aelezwe, na dada yake ameshasema hiyo kazi tumuachie yeye.